Akiba haiozi? Kwa mama mwenye duka Nkuhungu

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nina duka dogo la vyakula hapa Nkuhungu, Dodoma, na mume wangu ni dereva. Tuna watoto watatu. Baada ya matumizi yote nabakiza kama shilingi 150,000 kwa mwezi. Mume anataka tununue ng'ombe tumpelekee baba yake Bahi. Mama mkwe anasema mali ni mahindi. Kaka yangu ameanza kutukusanyia matofali kwenye kiwanja chetu na hataki nisimame. Mimi mwenyewe niko kikoba, na shoga yangu anayefanya kazi benki ananisukuma ninunue vipande vya mfuko wa uwekezaji. Kila mmoja anasema chake ndicho akiba ya kweli. Kipi kinalimbikiza mali kuliko vingine? Na kuna ubaya nikiwa na kibubu ambacho mume hakijui?"

Jibu:

Marahaba, dada. Hapo kwenu hakuna anayekudanganya. Kila mmoja ameona kwa macho yake mali ikikua kwa njia anayoitetea, ila wote wamesahau kukuambia mali hiyo huwa inafaje. Wazee husema akiba haiozi. Mimi kazi yangu ni uchumi wa kaya katika kanda hii ya kati, na akiba naiona ikioza kila mwaka: inatobolewa na dumuzi, inakufa kwa homa ya mapafu, inaota kutu, inageuka pilau ya Krismasi. Kwa hiyo kila rundo unaloshauriwa uliulizie mambo mawili: linaharibiwa na nini, na siku ukilihitaji linatokaje. Ukuaji wake uje baada ya hapo.

Nianze na ng'ombe, maana ndiye mwenye heshima zaidi huku kwetu.

Ng'ombe hulimbikiza kwa kuzaa. Humwongezei kitu kila mwezi, anaongezeka mwenyewe, ndiyo maana Ugogo ilimpenda zamani kabla hata ya kuwapo tawi la benki. Lakini tazama mwendo wake. Ng'ombe wetu wa asili anayechungwa porini huzaa mara ya kwanza akikaribia miaka minne. Mimba ni miezi tisa, na kutoka ndama mmoja hadi mwingine hupita mara nyingi mwaka mmoja na nusu, malisho yakiwa mabaya hata miwili. Nusu ya ndama watakuwa madume. Mkinunua mtamba mmoja leo na mambo yakaenda vizuri, baada ya miaka minane mnaweza kuwa na ng'ombe watano au sita. Mambo yakienda vibaya mna ngozi. Mwenye ng'ombe 40 akifiwa na watatu kwa ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, kundi linaendelea kuzaa na pengo linazibika. Mwenye mmoja akifiwa na mmoja, habari imeishia hapo. Kuzaana kunampendelea aliye nacho tayari. Kwa baba mkwe wako ng'ombe ni akiba nzuri. Kwenu nyinyi, ng'ombe mmoja ni kamari.

Wafugaji wa Kigogo waliijua hatari hiyo. Mwenye kundi kubwa hakulaza mali yake yote zizi moja. Aliwagawa wengine kwa ndugu na marafiki wa vijiji vya mbali wamtunzie. Mtunzaji alikunywa maziwa na kutumia samadi, mwenye ng'ombe akabaki na ng'ombe wake. Ugonjwa ukishika huku, wa kule wanapona. Mvua ikikosekana Bahi, pengine Kongwa imenyesha. Ilikuwa bima, na ilikuwa pia njia ya kuwa na watu wa kukimbilia. Hata hivyo ilikuwa na kikomo chake. Sotoka (tauni ya ng'ombe) ya miaka ya 1890 ilifagia ng'ombe karibu Afrika Mashariki nzima, na waliogawa wakalia pamoja na wasiogawa. Kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikapita hapa: majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua zilipokosekana juu ya hayo ikaja njaa ambayo Wagogo wanaikumbuka kwa jina la Mtunya. Mali inayoonekana kwa macho kutoka barabarani ina wateja wengi usiowaalika.

Hapo sasa nije kwenye jambo ambalo mumeo hawezi kukuambia, wala si kwa ubaya. Ng'ombe akishaingia zizi la ukoo anapata wenyewe wengi. Shemeji yako akitaka kuoa, mahari yatatoka zizini. Ukitokea msiba, atachinjwa aliye karibu na aliyenona. Wewe uko Nkuhungu unauza sukari, unapigiwa simu kwamba "yule wa kwenu" amekwenda. Utamdai nani? Baba mkwe? Kama bado mnamtaka ng'ombe, basi yaandikwe kwenye karatasi mbele ya mashahidi, na mumeo akiwepo: ng'ombe ni wa nani, maziwa ni ya nani, ndama wa ngapi ni wa mtunzaji, dawa na chanjo analipa nani, na akifa nani anataarifiwa kabla hajaliwa. Sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo ipo tangu 2010, kwa hiyo asajiliwe kwa jina la mwenye mali, si kwa jina la mwenye zizi. Wakwe wengi wataona unawadharau. Tafuta mtu mzima anayejua kuongea akufikishie ujumbe.

Mapenzi ya mifugo yakiwazidi, nunueni mbuzi. Mimba yake ni miezi mitano, pengine anazaa mapacha, na ada ya mtoto ikifika unauza mmoja mnadani Msalato na wengine wanabaki. Ng'ombe huwezi kumuuza mguu. Mbuzi naye ana sotoka yake, ile ya mbuzi na kondoo, lakini chanjo ipo na afisa mifugo wa kata anaijua.

Mahindi ni habari tofauti kabisa, na hapa mama mkwe ana hoja nzito kuliko anavyopewa sifa.

Mvua zetu huja msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na Dodoma mjini kwa mwaka mzima hupata wastani wa milimita 550 hadi 600. Maana yake watu wote wanavuna kipindi kimoja, Mei hadi Julai, na wote wana madeni ya kulipa kipindi hicho hicho. Malori yanajaa kwenye soko la nafaka la Kibaigwa, bei inakaa chini. Ikifika Januari na Februari vihenge vingi vimebaki na vumbi, watu wanapalilia huku wananunua unga, na bei inapanda. Wewe mwenye duka unayajua haya kuliko mimi. Gunia lenyewe haliongezeki hata punje moja; linangoja uhitaji wa watu. Ndiyo tofauti yake na ng'ombe: ng'ombe analimbikiza kwa kuzaa, gunia linalimbikiza kwa kusubiri.

Na kusubiri kuna gharama. Ya kwanza ni dumuzi, wengine humwita skania. Huyu si mdudu wetu. Alitoka Amerika ya Kati, akaingia nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, na chakula chake hasa ni mahindi na makopa ya muhogo. Anaweza kukugeuzia gunia kuwa unga kabla hujaenda mashineni. Dawa yake rahisi siku hizi ni mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye mifuko miwili ya nailoni ndani na kiroba nje. Ukiifunga vizuri, kila tabaka peke yake, wadudu waliomo wanamaliza hewa na kufa, bila sumu yoyote. Panya akitoboa au mtoto akichoma kwa msumari, kazi imeharibika, kwa hiyo ipange juu ya vichanja na mbali na ukuta.

Gharama ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu haionekani. Mahindi yakifungwa na unyevu huota ukungu, na ukungu huzaa sumukuvu. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine kufa kwa sumukuvu katika mikoa hii ya Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa chakula cha ndani ya nyumba zao. Nafaka ya kuhifadhi iwe na unyevu usiozidi asilimia 13 hivi. Huna kipimo? Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kidogo na chumvi kavu, funga, tikisa, kisha iache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado mabichi. Rudisha juani, juu ya turubai, si juu ya udongo. Yenye ukungu au rangi ya ajabu ondoa, wala usiwape kuku.

Gharama ya tatu ni ya siasa na mawingu. Serikali imewahi kuzuia mahindi kuvuka mipaka, kwa mfano 2011 na 2017, na waliokuwa wamejaza maghala wakingoja bei ya nje wakabaki wanayatazama. Mwaka ambao mvua zimeanza vizuri, bei inaweza kulegea hata kabla ya mavuno kwa sababu wenye maghala wameogopa. Na kwa vyovyote vile, ukifika Aprili mahindi mabichi yanaanza kuchomwa barabarani. Rundo lako lazima liwe limeshatoka. Akiba ya mahindi umri wake ni mwaka mmoja. Uwele na mtama uliokaushwa sawasawa huvumilia zaidi, dumuzi hawapendi kama mahindi, na ndivyo wazee walivyokuwa wanajaza kwenye vilindo vyao vya kuhifadhia nafaka ndani ya tembe. Lakini watoto wako wa Nkuhungu sidhani kama watakula ugali wa uwele mwezi mzima bila vita.

Kwa hiyo usinunue mahindi kama mlanguzi. Nunua kama mama. Familia ya watu watano inahitaji kama magunia manne hadi matano kwa mwaka. Ukiyanunua wakati wa mavuno, ile tofauti ya bei ya Juni na ya Februari ni faida yako, haina kodi, haina mteja wa kukukopa, na bei ikianguka hujapata hasara maana utakula tu. Faida hiyo wengi hawaihesabu kwa kuwa haishikiki mkononi.

Sasa kikoba chako.

Njia hii ya kuweka hisa na kukopeshana ilianzia Niger mwaka 1991 kwa akina mama wa vijijini, ikazunguka Afrika, na kwetu ikakaa kama iliyozaliwa hapa. Iko mbele ya upatu kwa jambo moja: kwenye upatu kila mtu anapokea kilekile alichotoa, zamu tu ndiyo inayotofautiana, kikoba kinazalisha. Ila jiulize kinazalisha kutoka wapi. Tuseme hisa ni shilingi 5,000, na wewe kwa mwaka umeweka 600,000, yaani hisa 120. Mkivunja na kila hisa imekuwa 6,000, unaondoka na 720,000. Hizo 120,000 za juu zimelipwa na wenzako waliokopa. Kama wewe ndiye uliyekopa sana, umejilipa mwenyewe kwa njia ndefu. Sikisemi kwa ubaya. Kwa kuwa pesa zako ziliingia kidogo kidogo mwaka mzima, faida ya aina hiyo ni nono, na mkopo wa kikoba kwa mtu mwenye duka linalozunguka ni bora kuliko kuangukia kwa wakopeshaji wa mtaani. Lakini ujue faida ya kikoba inategemea wakopaji wanaolipa, na wakopaji wenu ni majirani zako, wenye shida za aina moja na zako, miezi ile ile.

Udhaifu wake mkubwa uko mahali ambapo watu wanashangilia: kuvunja. Desemba mnavunja, mnagawana, mnaanza sifuri. Kikoba kinalimbikiza mwaka, hakilimbikizi miaka. Nimewaona akina mama walio kwenye kikoba miaka mingi, waaminifu, hawajawahi kukosa mkutano, na ukiuliza mali iko wapi wanakuonyesha kabati la vyombo. Mahotipoti ya kila rangi. Nayo ni namna ya kulimbikiza, siidharau, shughuli ikija mtaani hayo mahotipoti yana kazi. Ila hayauziki hata kwa nusu ya bei. Kikoba kinahitaji chombo kingine cha kupokea kile kilichovunjwa, na chombo hicho kiamuliwe kabla ya Desemba. Siku ya mgao watoto wameshaomba nguo na pilau imeshapangwa, hapo hakuna anayeamua vizuri.

Hakikisha pia kikundi chenu kimesajiliwa. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi hivi viko daraja la nne na vinasajiliwa kupitia halmashauri, kwa hapa ni jiji. Kikundi ambacho daftari lake analo mtu mmoja na funguo za sanduku anazo huyo huyo, punguza hisa zako polepole, bila kelele.

Matofali ya kaka yako nimeyapenda, kwa masharti.

Nyumba ya mtu wa kipato chetu ni akiba inayojengwa kwa miaka. Uzuri wake ni kwamba imekwama. Shangazi hawezi kukuomba ukuta. Wewe mwenyewe huwezi kuamka Jumamosi ukala msingi. Kwa mtu ambaye pesa ya simu inamtoka vidoleni, mali iliyokwama ni ulinzi mkubwa. Ubaya nao ni ule ule: mtoto akilazwa, ukuta hauna msaada, na anayeuza boma ambalo halijaisha huuza kwa bei ya kutupa.

Kuna vitu vya ujenzi vinavyokubali kurundikwa na visivyokubali, na watu wengi wa hapa wanapotezea pesa hapo. Mawe, kokoto, mchanga na matofali yaliyochomwa vizuri au ya saruji yatakungoja. Matofali mabichi yakinyeshewa yanarudi kuwa udongo. Saruji usiirundike kabisa. Ikikaa miezi mitatu imeshaanza kupungua nguvu hata kama haijaganda, kwa hiyo nunua ya kazi ya wiki hiyo. Nondo zikilala chini juani na mvuani huota kutu, mbao hupinda na mchwa wa Dodoma hawana subira. Na mkiishiwa pesa, simameni kwenye msingi au kwenye lenta. Msingi uliojazwa vizuri unaweza kungoja. Ukuta ulioachwa katikati unanyweshwa maji kwa juu kila masika, na fundi wa baadaye atakuambia ubomoe, safari hii akiwa anasema kweli.

Mwulize kaka jambo moja zaidi: kiwanja kina karatasi gani, na kwa majina ya nani? Viwanja vingi vilivyopimwa vina sharti la kuendelezwa ndani ya miezi 36, kwa hiyo rundo la matofali peke yake lisikupe usingizi sana. Majina yawe mawili, la mumeo na lako. Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua mchango wa mke katika mali ya ndoa, na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, ilisema hata kazi za nyumbani ni mchango. Lakini kuandikwa mapema ni rahisi kuliko kushinda kesi.

Najua pia kaka atakutajia watu waliotajirika kwa viwanja vya Dodoma. Ni kweli wapo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulitolewa 1973, na serikali ilianza kuhamia kwa kishindo baada ya Julai 2016. Mwaka uliofuata Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA) ikavunjwa na shughuli zake kuhamia manispaa, na Aprili 2018 mji ukawa jiji. Aliyeshika kiwanja tangu mwanzo alisubiri zaidi ya miaka 40. Aliyenunua 2015 aliotea tu. Kuhamia kwa serikali kumeshatokea na hakutarudiwa, kwa hiyo jenga kwa ajili ya kukaa na kuacha kulipa kodi ya nyumba, usijenge kwa kungoja muujiza wa pili.

Kuhusu mfuko wa uwekezaji nitakuwa mfupi, si kwa sababu ni mdogo, ila kwa sababu kazi yake ni moja. Pesa zenu nyingi zinakusanywa, meneja ananunua hatifungani za serikali (yaani anaikopesha serikali kwa riba), hisa au anaweka amana benki kutegemea aina ya mfuko, na thamani ya kipande chako inapanda au kushuka kwa matokeo hayo. Mfuko wa Umoja wa UTT, taasisi ya serikali inayosimamia mifuko hii, ulianza 2005, baadaye ikaja mingine kama wa Ukwasi na wa Hatifungani. Huu wa Umoja una hisa ndani yake, kwa hiyo unayumba zaidi. Wa Ukwasi umetulia na pesa inatoka ndani ya siku chache za kazi. Hakuna aliyekuhakikishia faida, na anayehakikisha faida ya kila wiki kwenye kundi la simu ni tapeli, hata kama ana picha ya jengo refu.

Ladha ya mfuko ni muda. Tuseme, kwa mfano tu, unaweka 150,000 kila mwezi na inakua kwa asilimia 1 kwa mwezi. Baada ya miaka mitano umeweka milioni 9 na una kama milioni 12.2. Ukiendelea mitano mingine, umeweka milioni 9 nyingine zile zile, lakini sasa una kama milioni 34.5. Nusu ya kwanza ilikupa faida ya milioni 3 na kidogo, nusu ya pili zaidi ya 13. Hiyo ni tabia ya ng'ombe bila ndigana: faida inazaa faida. Ila ng'ombe huyu anafaa tu kwa asiyemchinja mwaka wa tatu.

Sasa yaweke yote pamoja, maana hapa ndipo ushauri wa kila mmoja peke yake unapokosea. Fikiria mwaka ambao mvua zimekata Februari. Nafaka inapanda. Wafugaji wote wanapeleka ng'ombe mnadani kwa mpigo, tena ng'ombe waliokonda, kwa hiyo bei ya ng'ombe inaanguka wakati ule ule gunia linapaa; yule aliyekuwa na thamani ya magunia mengi mwaka jana, mwaka huu unambadilisha kwa machache. Kikobani kila mtu anataka mkopo na waliokopa wanachelewesha. Dukani kwako watu wanaomba kuandikwa kwenye daftari. Ng'ombe, kikoba na duka vinaumwa ugonjwa mmoja. Gunia lililoko chumbani linapata thamani mwaka huo, na mfuko hauna habari na mvua ya Bahi. Kuwa na akiba tano zinazokufa kwa pamoja ni sawa na kuwa na moja.

Ningekuwa mimi, hizo 150,000 ningezigawa hivi. Kikoba 50,000, kisizidi hapo, na mkopo wake uwe wa mzigo wa duka peke yake. Mfuko wa uwekezaji 70,000, kwa ajili ya sekondari ya watoto na uzee. Zilizobaki 30,000 zikae kwenye akaunti au simu kwa ajili ya homa na msiba, hadi zifike kiasi cha matumizi yenu ya mwezi mmoja au miwili. Juni, Julai na Agosti usinunue vipande. 70,000 hizo pamoja na 30,000 za simu zikanunue magunia ya chakula, yakauke, yafungwe. Mgao wa Desemba utoe fungu dogo la sikukuu, usijinyime kabisa, zilizobaki ziende kwa fundi siku hiyo hiyo zikamalize hatua moja ya nyumba. Ng'ombe mwambieni baba asubiri. Mbuzi wawili au watatu wanawezekana mwaka mzuri ukija, na wao watamridhisha mumeo kwamba Bahi mna kitu.

La mwisho, kibubu. Kisheria mke anaweza kuwa na mali yake mwenyewe, kwa hiyo hujatenda kosa, na najua wanawake ambao kibubu kiliwavusha siku ambazo hakuna aliyewavusha. Ukubwa wake ndio unaonitia wasiwasi. Shilingi laki moja uvunguni ni tahadhari. Milioni mbili uvunguni zinapungua thamani kila mwaka kwa mfumuko wa bei, zinangoja mwizi au moto, na mume akizikuta atauliza kwa nini mlikopa wakati wa ada. Siri nayo ina shida yake: mwenye kibubu akifariki, kibubu kinafariki naye. Kwa hiyo zikizidi laki, zihamishie kwenye vipande kwa jina lako. Fomu ina sehemu ya kuandika mrithi. Usiiache wazi, na usimwandike mtoto aliye chini ya miaka 18 bila kutaja msimamizi. Kisha namba ya akaunti mpe mtu mmoja unayemwamini, dada yako au mama yako mzazi. Mumeo mwambie mfuko upo. Kiasi kilichomo mtajadiliana siku atakapokuambia na yeye ana ngapi.